Zappers: Kikosi Kinachopigana kwa Mawimbi

Wengi wetu tulianza kufuatilia habari za Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 kwa sababu ya mizigo. Meli zilizozoea kupita Bab al-Mandab kwenda Suez zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, nauli za makontena zikapanda, na simu za kutoka nyumbani zikawa na swali jipya: kontena limefika wapi? Kwenye televisheni tukaona droni zikidunguliwa na makombora yakipaa usiku kutoka kwenye manowari za Marekani. Ndani ya kundi hilo la manowari kulikuwa na kikosi ambacho kazi yake kamera haiwezi kuionyesha, kwa kuwa silaha yake kubwa ni mawimbi ya redio. Ndicho tulichochagua kukiandika katika toleo hili.

Kikosi hicho kinaitwa VAQ-130, na jina lake la utani ni Zappers, neno la mtaani la Kiingereza linalokaribia “wapiga shoti”. Herufi zake zina mpangilio wake: V ni ndege zenye mabawa, A ni mashambulizi, Q ni alama ya kazi ya kielektroniki. Kilianzishwa tarehe 1 Septemba 1959 kikiwa na jina jingine, VAW-13, na mwaka 1968 kikapewa hili la sasa. Katika Jeshi la Majini la Marekani hakuna kikosi cha vita vya kielektroniki chenye umri mkubwa zaidi.

Kabla ya kuendelea, suala la maneno. Tulipoanza kuandaa makala hii tulikwama kwenye neno moja. Kitendo cha kurusha mawimbi ili mwenye rada asione, au mwenye redio asisikie, tukiite nini? Mmoja wetu alitaka “kukwamisha”, mwingine “kuziba”, wa tatu akasema “kuvuruga” ndilo linalotumika redioni. Kila moja linashika upande mmoja tu. Rada iliyofanyiwa kitendo hiki haijakwama, bado inazunguka na kurusha mawimbi yake. Haijazibwa pia, maana inapokea mawimbi mengi kupita kiasi. Tumekubaliana kutumia “kuvuruga” mpaka mtu atuletee bora.

Rada yenyewe si fumbo. Aliyewahi kuita kisimani na kungoja mwangwi anaielewa. Rada hurusha mawimbi, mawimbi hugonga ndege, kiasi kidogo hurudi, na mashine hupima muda uliopita ili kujua ndege iko umbali gani. Udhaifu wake uko papo hapo, kwa kuwa mwangwi unaorudi ni hafifu mno kuliko sauti iliyotoka. Sasa mweke mtu kando ya kisima apige debe wakati wewe unasikiliza. Hana haja ya kuwa na nguvu kama zako. Anahitaji tu kupiga kelele kuushinda mwangwi. Huo ni uvurugaji wa aina ya kwanza, wa kelele tupu, na skrini ya rada hujaa weupe au mistari isiyo na maana.

Aina ya pili ina hila zaidi. Yule mtu wa kando anaiga sauti yako barabara na kukurudishia mapema kidogo, au akiwa amechelewa kidogo, nawe unaamini kuwa kisima ni kifupi au kirefu kuliko kilivyo. Mitambo ya leo hunasa wimbi la rada, hulihifadhi, hulibadilisha na kulirudisha, na mwenye rada huona ndege mahali ambapo hapana kitu. Kwa maoni yetu hii ya pili ni hatari zaidi kwa anayedanganywa. Mtu aliyejaziwa kelele anajua kuwa anavurugwa. Aliyedanganywa vizuri hajui.

Kuna njia ya tatu, na hapa ndipo maneno “kupigana bila kuua” yanapoanza kupwaya. Ndege za vikosi hivi hubeba makombora yanayofuata mawimbi ya rada hadi kwenye antena yake. Mwenye rada anapewa chaguo baya: awashe mtambo aone, naye aonekane, au auzime abaki kipofu. Mwaka 1999, wakati wa vita vya Kosovo, kamanda mmoja wa makombora wa Yugoslavia, Zoltán Dani, aliwazoesha watu wake kuwasha rada kwa sekunde chache tu, kisha kuizima na kuhamisha mitambo. Tarehe 27 Machi mwaka huo kikosi chake kiliidungua F-117 ya Marekani, ndege ambayo dunia nzima iliambiwa kuwa rada haiioni. Wamarekani nao walijifunza. Hata ndege za “siri” zinahitaji mtu wa kuwapigia debe maadui, na kwa kuwa Jeshi la Anga lilikuwa limestaafisha ndege zake za kazi hiyo mwaka 1998, mzigo wote ulikuwa umewaangukia wanamaji na wenzao wa Marine.

Ndege waliyokuwa wakitumia wakati huo ni EA-6B Prowler, na tukiri kwamba tunaipenda kuliko iliyoirithi. Si nzuri kwa sura. Ina pua nene, mrija wa kujazia mafuta uliopinda mbele ya kioo, na uvimbe juu ya mkia uliojaa antena. Ilibeba watu 4, rubani mmoja na maofisa watatu wa mitambo, wawili kati yao wakikaa nyuma. Vioo vya juu ya vichwa vyao vilipakwa utandu mwembamba sana wa dhahabu, ili mawimbi makali ya ndege yao wenyewe yasiwadhuru. Chini ya mabawa zilining'inia pipa ndefu za kurushia mawimbi, ziitwazo ALQ-99, na kila moja ilikuwa na kipanga kidogo puani kilichozungushwa na upepo ili kuzalisha umeme wake. Kila tukitazama picha zake tunawaza vinu vya upepo.

Prowler iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Mei 1968, ikaingia kazini 1971, na wanamaji wakaiaga mwaka 2015. Katikati ya miaka hiyo ilikwenda karibu kila mahali Marekani ilikopigana. Zappers waliipokea miaka ya 1970 baada ya kurusha ndege nyingine mbili za zamani, mojawapo kubwa kiasi cha kuitwa Nyangumi, na mwaka 1991 walikuwa ndani ya USS John F. Kennedy vita vya Ghuba vilipoanza. Baadaye, Iraq, Prowler zilipewa kazi ambayo waundaji wake hawakuiwazia, yaani kuruka juu ya barabara na kuvuruga mawimbi ya mabomu yaliyotegwa kando ya njia na kulipuliwa kwa simu au rimoti.

Lakini tusiisifu bila kutaja makaburi yake. Tarehe 26 Mei 1981 Prowler ya Marine ilianguka ikitua usiku juu ya sitaha ya USS Nimitz, na watu 14 wakafa. Tarehe 3 Februari 1998 Prowler nyingine ya Marine, ikiruka chini kuliko ilivyoruhusiwa katika milima ya Italia, ilikata waya wa gari la angani karibu na Cavalese. Watu 20 waliokuwa ndani ya gari hilo walikufa, raia wote, hakuna hata mmoja aliyekuwa na vita na mtu. Na tarehe 8 Novemba mwaka huohuo, Prowler ya Zappers iligonga ndege nyingine kwenye sitaha ya USS Enterprise wakati wa kutua usiku. Watu wake wote 4 walipotea.

Kutua kwenye sitaha kunahitaji maelezo, maana ndiko kunakokipa kikosi cha majini tabia yake. Sitaha ya manowari kama Eisenhower ina urefu wa takriban mita 330, lakini sehemu ya kutulia ni fupi mno. Ndege hushushwa ikiwa na ndoano mkiani, na ndoano hiyo lazima inase mmoja wa waya zilizotandazwa. Rubani anapogusa sitaha hapunguzi moto, anauongeza hadi mwisho, ili akikosa waya aweze kupaa tena. Kuondoka ni manati ya mvuke inayoirusha ndege kutoka kusimama hadi mwendo wa kuruka kwa muda wa sekunde mbili tatu. Yote hayo hufanyika usiku pia, meli ikipanda na kushuka, taa zikiwa chache. Takriban watu 5,000 wanaishi chini ya sitaha hiyo, na wengine wanalala futi chache tu chini ya mahali ndege inapobamiza.

Siku hizi ndege ya vikosi hivi ni EA-18G Growler, ndugu wa ndege ya kivita F/A-18F. Iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Agosti 2006, na vita vyake vya kwanza vilikuwa Libya, Machi 2011. Kazi ya watu 4 sasa inafanywa na 2, rubani na ofisa mmoja, kwa kuwa kompyuta imechukua viti vilivyobaki. Bunduki ya puani iling'olewa ili kupisha vifaa vya elektroniki, jambo linaloonyesha vizuri hesabu za waliolipa. Kikosi kimoja huwa na ndege 5 hadi 7 na watu wapatao 200, wengi wao wakiwa mafundi. Pipa za ALQ-99 ziliendelea kubebwa na Growler kwa miaka mingi, teknolojia ya enzi za Vietnam iliyofanyiwa marekebisho mara kwa mara, na mrithi wake alianza safari ya kwanza ya kazini mwaka 2024 tu, na kikosi kingine, VAQ-133, ndani ya USS Abraham Lincoln.

Turudi Bahari ya Shamu. Eisenhower iliondoka Norfolk tarehe 14 Oktoba 2023, wiki moja baada ya vita vya Gaza kuanza. Tarehe 19 Novemba Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya magari Galaxy Leader, na baada ya hapo mashambulizi kwa meli za biashara yakawa mfululizo. Kuanzia tarehe 12 Januari 2024 Marekani na Uingereza zilianza kupiga maeneo ya Yemen, na Zappers walikuwa sehemu ya ndege zilizopaa kutoka Eisenhower. Kazi yao ya kawaida ilikuwa ile tuliyoieleza: kutangulia au kusindikiza wenzao na kuzifanya rada za pwani zisione. Ila katika safari hiyo pia walipata jambo ambalo Growler haikuwa imelipata kabla yake. Kwa maelezo ya Jeshi la Majini, kikosi hicho ndicho cha kwanza cha Growler kudungua chombo cha adui angani.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki vita hivyo viligusa mengine ambayo hayakuwa na uhusiano na kontena. Tarehe 18 Februari kombora liliipiga meli Rubymar. Mabaharia wake waliiacha, meli ikaelea siku nyingi ikiburuta nanga, na ilizama mwanzoni mwa Machi. Kipindi hichohicho nyaya kadhaa za intaneti zilizolala chini ya bahari hiyo zilikatika, na maafisa wa Marekani walisema nanga ya Rubymar ndiyo inayodhaniwa kuzikata. Mmojawapo ulikuwa wa Seacom, ambao huunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia ya kaskazini. Tarehe 6 Machi meli True Confidence ilipigwa na mabaharia 3 wakauawa, Wafilipino wawili na Mvietinamu mmoja. Watu wa bandari wanaelewa tunachosema hapa. Anayekufa kwenye meli ya biashara mara nyingi ni mtoto wa nchi isiyohusika kabisa, aliyeajiriwa na tajiri wa nchi ya pili, kwenye meli yenye bendera ya nchi ya tatu.

Hatukubaliani wenyewe kwa wenyewe kuhusu vita hivyo, na hatutajifanya kuwa tunakubaliana. Wapo kati yetu wanaosema kuwa bila manowari hizo mabaharia wengi zaidi wangekufa. Wapo wanaojibu kwamba chanzo ni Gaza, na kwamba mabomu yaliyoangushwa Yemen yameangukia nchi ambayo tayari ilikuwa imechoka kwa vita na njaa. Tunachoweza kusema kwa pamoja ni hiki kidogo: ile hoja kwamba vita vya kielektroniki ni vita safi, vya kompyuta na mawimbi, haishiki maji. Growler huvuruga rada ili bomu la mwenzake lifike. Mtu anayefumba macho ya mlinzi mlangoni hawezi kusema kwamba hajui kilichotokea ndani ya nyumba.

Na kwa wanaodhani kwamba ukanda wetu uko mbali na vita vya aina hii, tukumbushe historia ya Mombasa. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo mwezi Aprili, Waingereza waliihamishia Kilindini meli za Kikosi chao cha Mashariki, manowari za kubeba ndege zikiwemo. Pamoja nazo walikuja wasikilizaji wa redio na wavunjaji wa maandishi ya siri, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Humo, mwezi Septemba 1942, waliupasua mfumo wa siri wa meli za biashara za Japani, baada ya mtuma ujumbe mmoja wa Kijapani kusahau kutaja mahali meli ilipo na kurudia ujumbe wake kwa ufunguo uleule. Mwaka uliofuata walirudi Colombo. Wanafunzi wangapi wa shule hiyo leo wanajua kwamba madarasa yao yalikuwa sikio la bahari nzima ya Hindi? Miaka ya 1980 manowari za Marekani nazo zikawa zinatia nanga nje ya Mombasa, na wazee wa mji bado wanasimulia jinsi wanamaji walivyomwagika mitaani na dola zao.

Eisenhower ilirejea Norfolk tarehe 14 Julai 2024 baada ya miezi 9. Zappers walirudi nyumbani kwao, kituo cha wanamaji cha Whidbey Island, kisiwa cha jimbo la Washington kaskazini ya Seattle. Tarehe 15 Oktoba, miezi 3 baadaye, Growler moja ya kikosi hicho iliondoka hapo kwa zoezi la kawaida na kuanguka mashariki ya Mlima Rainier, kwenye miteremko ya msitu iliyo mbali na barabara. Waliokuwa ndani ni wanawake wawili, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 31, na wote wawili walikuwa wametoka kwenye safari ile ya Bahari ya Shamu. Walivuka miezi 9 ya makombora, wakafa juu ya milima ya kwao katika mazoezi. Hatuyaandiki majina yao hapa. Familia zao zimeyasikia ya kutosha kutoka kwa watu wasiowajua.

Kisiwani Whidbey kwenyewe kuna ugomvi wa muda mrefu, na ndio uliotuvutia kuliko mengine yote, pengine kwa sababu unahusu watu waliokaa tu kwao. Karibu Growler zote za Marekani zina makao hapo. Marubani kabla ya kwenda melini lazima wafanye mazoezi ya kutua kama kwenye sitaha, na hufanya hivyo kwenye uwanja mdogo karibu na mji wa Coupeville: ndege inashuka, inagusa, inaongeza moto, inapaa, inazunguka, inashuka tena, mara nyingi kwa jioni moja na mara nyingi usiku, kwa sababu giza la pale linafanana na giza la baharini. Mwaka 2019 Jeshi la Majini liliamua kuongeza Growler 36 na kuzidisha mazoezi ya Coupeville takriban mara nne. Jimbo la Washington likaenda mahakamani mwaka huohuo. Agosti 2022 jaji wa shirikisho aliamua kwamba jeshi lilivunja sheria ya mazingira, kwa kutochunguza ipasavyo madhara ya kelele hizo.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha hesabu zao: zaidi ya watu 74,000 wa eneo hilo wanapata kelele za kiwango kinachohusishwa na madhara kwa afya, kama kukosa usingizi na kukereka, na watoto kuchelewa kujifunza. Wapo wenyeji wanaotaka ndege ziondoke. Wapo, hasa mji wa Oak Harbor unaoishi kwa mishahara ya kituo, wanaosema aliyenunua nyumba karibu na uwanja wa ndege alisikia alichokuwa ananunua. Wote ni majirani, wanakutana dukani.

Tuna huruma na pande zote mbili, lakini tukilazimishwa kuchagua, tunawaelewa zaidi wa Coupeville. Rubani asiyefanya mazoezi ya usiku ataua watu kwenye sitaha, hilo Nimitz na Enterprise zimelifundisha. Ila anayelipa gharama ya mazoezi hayo hakuulizwa, na hapewi nishani. Kituo hutoa ratiba ya mazoezi kila wiki, asubuhi, mchana au usiku, na wakazi huisoma kama wavuvi wanavyosoma bamvua, wajue ni siku gani wafunge madirisha na siku gani mtoto akalale kwa bibi yake.